Wingu la Kindoroko na uamuzi wa kugeuza

Asubuhi ya mwezi Juni pale Kighare, Usangi, katika milima ya Upare, mtu hahitaji redio kujua hali ya hewa. Anatoka nje, anatazama juu kwenye msitu wa Kindoroko. Msitu ukionekana mpaka kileleni, maharage yanaanikwa. Ukiwa umekatwa katikati, chini kijani na juu kweupe, maharage yanabaki ndani ya gunia. Na wingu likishuka hadi migombani, mama anamwambia mtoto avae sweta na atembee pembeni kabisa mwa barabara, maana mwenye bodaboda hatamwona mpaka amfikie.

Siku kama hiyo, sauti ya ndege ndogo inayopita juu humfanya mkulima asimamishe jembe. Sauti inasikika, ndege haionekani. Inatokea upande wa Mwanga, inakua, inazunguka kwenye kuta za milima mpaka mtu hajui iko wapi, kisha inapotelea mashariki. Aliye shambani anabaki na swali: mimi niliyesimama juu ya ardhi siioni ndege hiyo, je, aliyemo ndani yake anaona nini?

Haoni kitu. Na kama ni rubani aliyefunzwa kuruka kwa kutazama nje tu, basi kutoona huko ni hatari kuliko injini kuzimika. Injini ikizimika katika anga safi, ndege ndogo hugeuka tiara. Inashuka taratibu na rubani ana dakika kadhaa za kutafuta shamba au barabara ya kutulia. Ndani ya wingu, ndege nzima, injini ikiunguruma vizuri na tangi likiwa na mafuta, humuua kwa muda mfupi zaidi. Nimefanya kazi ya kusoma hali ya hewa kwa ajili ya marubani kwa miaka mingi, na ninachotaka kusema leo ni hiki: ajali hizi huanza dakika kumi, ishirini au thelathini kabla ya mlima, pale mtu anapoona dalili na kuamua kuendelea. Na mara nyingi uamuzi huo una mikono mingi kuliko ya rubani mmoja.

Upande mkavu unavyodanganya

Tuanze na mlima wenyewe. Upare una safu mbili. Ya kaskazini, yenye Ugweno na Usangi, inafika mita 2,113 kwenye kilele cha Kindoroko. Ya kusini ina Shengena, mita 2,462, katikati ya msitu wa Chome. Kati ya safu hizo kuna pengo la nchi ya chini, kati ya Lembeni na mji wa Same. Magharibi ni bonde la Pangani pamoja na bwawa la Nyumba ya Mungu, reli ya Tanga na barabara kuu. Mashariki ni Ziwa Jipe, Mkomazi na mpaka wa Kenya.

Hewa yenye unyevu inatoka Bahari ya Hindi, hasa upepo wa kusi unapovuma. Inapofika Upare inakuta ukuta. Haina pa kupita ila juu, na inapopanda inapoa: takriban nyuzijoto moja kwa kila mita 100, mpaka mvuke uanze kugeuka matone. Hapo wingu linazaliwa, na linaendelea kuzaliwa maadamu upepo unavuma. Ndiyo maana miteremko inayotazama bahari ina migomba, kahawa na ndiva, yaani mabwawa ya kienyeji ya umwagiliaji, zilizojaa maji, wakati Same na Mwanga mjini watu wanahesabu mvua kwa vidole.

Kwa rubani, tofauti hiyo ni mtego. Akitokea Moshi na kufuata reli, yuko upande mkavu. Jua linawaka, bwawa linameta, mkonge umejipanga mistari. Kushoto kwake mlima umevaa kofia nyeupe tu. Kofia hiyo inaonekana nyembamba, kitu cha kuvukwa kwa dakika mbili. Asichokiona ni kwamba nyuma yake wingu limeteremka mpaka vijijini, na hewa inayomiminika upande wa magharibi wa mlima inaisukuma ndege chini wakati ule ule anaotaka kupanda.

Ipo hesabu rahisi ambayo kila rubani hufundishwa. Chukua joto la hewa uwanjani, toa kiwango cha umande, yaani nyuzijoto ambapo mvuke huanza kuwa matone. Kila nyuzi moja ya tofauti ni kama mita 125 kutoka chini hadi kitako cha wingu. Same iko karibu mita 900 juu ya bahari. Joto likiwa nyuzi 22 na umande 17, tofauti ni 5. Wingu litaanza mita 625 hivi juu ya mji, sawa na mita 1,500 na kitu juu ya bahari. Kindoroko ina mita 2,113. Maana yake mita 600 za juu za mlima zimezama ndani ya wingu, ingawa Same mjini watu wanasema leo kumepambazuka vizuri. Na hesabu hiyo ni ya upande mkavu. Upande wa pili unyevu ni mwingi na kitako cha wingu kiko chini zaidi.

Sikio linapogeuka shahidi wa uongo

Kuna namna mbili za kuongoza ndege. Ya kwanza ni kwa macho: rubani anatazama upeo, milima, barabara, na kwa hivyo anajua yuko sawa au ameinama. Kanuni za kimataifa, ambazo nchi yetu inazifuata, zinamtaka anayeruka hivyo chini ya futi 10,000 awe anaona mbele angalau kilomita 5. Akiwa juu kutoka ardhini anatakiwa pia akae mbali na wingu mita 1,500 kwa upande na futi 1,000 kwa juu au chini. Akiwa karibu na ardhi, walau awe nje ya wingu na ardhi aione. Ya pili ni kwa vyombo: rubani anaacha kutazama nje na kuamini saa zilizo mbele yake. Namna hii ina mafunzo yake, leseni yake, na mazoezi ambayo yakikatika ujuzi nao unapungua.

Kwa nini haiwezekani mtu akaingia wingu kwa macho na kujikaza tu kidogo mpaka atoke upande wa pili? Jibu limo ndani ya sikio. Mle kuna mifereji mitatu iliyopinda, imejaa majimaji. Tunapogeuka, majimaji yanachelewa na vinyweleo vinainama. Ubongo unasema, tunageuka. Lakini mgeuko ukidumu kwa sekunde kama 20, majimaji yanakuwa yameshafuata mwendo, vinyweleo vinasimama tena, na ubongo unasema, tumenyooka. Ndege bado imeinama na inazunguka. Rubani akijaribu kuinyoosha kweli, sikio linapiga kelele kwamba sasa ndiyo anainamisha upande wa pili. Anairudisha ilikokuwa. Pua inashuka, mwendo unaongezeka, anavuta usukani kuinua pua, na kumbe kwa kuvuta anaukaza ule mzunguko. Hivyo ndege inakwenda chini kwa duara linalobana, huku aliyemo akiamini amekaa sawa kama kitini sebuleni.

Mwaka 1954, Chuo Kikuu cha Illinois nchini Marekani kilichukua wanafunzi 20 wa urubani ambao hawakuwa wamefunzwa kuruka kwa vyombo, kikawaziba wasione nje, mwalimu akiwa pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Aliyewahi kuupoteza alichukua sekunde 20, aliyekawia, 480. Wastani ulikuwa sekunde 178. Hazitimii dakika tatu.

Ustadi mwingi hauondoi hatari hiyo. Januari 26, 2020, helikopta iliyombeba mchezaji wa mpira wa kikapu Kobe Bryant ilianguka kwenye vilima vya Calabasas, California, ikaua watu 9. Rubani alikuwa na saa zaidi ya 8,000 za kuruka. Alipoingia katika wingu aliwaambia waongoza ndege kwamba anapanda ili atoke juu yake. Wakati anasema hivyo, helikopta ilikuwa imeanza kugeuka kushoto na kushuka. Hakuwa anawadanganya. Alikuwa anasema kile mwili wake ulichomwambia.

Bonde lisilo na pa kugeuzia

Dereva wa basi anayepanda kutoka Mwanga kwenda Usangi akikuta ukungu Kikweni, anawasha taa, anapunguza mwendo, anapiga honi kila kona. Ikishindikana anasimama, abiria wanashuka kunywa chai. Wingu analikabili kwa kupunguza. Rubani hana nafasi hiyo. Ndege ikipunguza mwendo kupita kiasi inaanguka. Silaha yake ni moja, kugeuza arudi kwenye anga aliyoiona muda si mrefu, na silaha hiyo ina muda wake wa kuisha.

Hebu tupige hesabu tukiwa ndani ya ndege ya watu wanne, mwendo wa kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni mita 55 hivi kwa sekunde. Mwonekano wa kilomita 5 unampa rubani sekunde 90 kabla ya kufika alipokuwa anapaona. Mwonekano ukishuka hadi kilomita 1, amebakiwa na 18. Kugeuza kwa utaratibu wa kawaida, nusu duara nzima, huchukua dakika moja na kunahitaji upana wa kilomita 2 na zaidi kidogo. Akiinamisha bawa kwa nyuzi 30 atageuza ndani ya kilomita 1 na mita chache.

Sasa tazama sura ya mabonde ya Upare. Mdomoni ni mapana, na kadiri unavyopanda kuta zinasogeleana na sakafu inainuka. Rubani anayeingia chini ya wingu anabanwa pande tatu: juu wingu, chini miti, pembeni miamba. Kila dakika anayosonga inampunguzia nafasi ya kurudi. Mahali fulani njiani kuna mstari usioandikwa kwenye ramani yoyote. Kabla yake kugeuza kunawezekana. Baada yake hakuwezekani tena. Wengi wanaoamua kugeuza huamua baada ya kuuvuka.

Makaburi ya milimani

Historia ya anga ya Afrika Mashariki imejaa milima. Mei 18, 1955, masika yakiendelea, ndege ya Shirika la Ndege la Afrika Mashariki aina ya Dakota ilitoka Dar es Salaam kwenda Nairobi ikagonga Mawenzi. Wote 20 walikufa. Siku anga likiwa safi, kilele hicho kinaonekana wazi kutoka matuta ya Ugweno. Julai 19, 2003, ndege ya kukodi iliyokuwa inapeleka watalii Samburu iligonga Point Lenana kwenye Mlima Kenya, ikaua watu 14. Aprili 10, 2006, ndege ya jeshi la Kenya iliyobeba wabunge na viongozi waliokwenda kupatanisha jamii ilianguka Marsabit penye ukungu, ikaua watu 14, akiwemo Bonaya Godana, waziri wa zamani wa mambo ya nje. Novemba 15, 2017, ndege aina ya Caravan iliyokuwa inaelekea Seronera iliangukia eneo la kreta ya Empakaai, Ngorongoro. Watu 11 walipoteza maisha. Juni 5, 2018, Caravan nyingine iliyotoka Kitale kwenda Nairobi iligonga milima ya Aberdare ikiwa na watu 10. Mabaki yalipatikana siku mbili baadaye, kwa sababu wingu lilelile liliwazuia hata waliokwenda kutafuta.

Kila ajali ina ripoti yake na mazingira yake, na si haki kuzitia zote kwenye kapu moja. Lakini zisome pamoja utaona kinachofanana. Nyingi kati ya ndege hizi hazikuharibika kitu angani. Zilikuwa zinaruka vizuri mpaka sekunde ya mwisho.

Bukoba nayo ilitufunza kwa machungu yake. Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air ikiwa na watu 43 ilianguka ziwani ikikaribia kutua katika hali mbaya ya hewa. Watu 19 walikufa. Hiyo ilikuwa ndege ya abiria yenye marubani wawili, wala si ndege ndogo ya mtu binafsi. Naitaja kwa sababu mbili. Kwanza, uwanja wenyewe haukuwa na mitambo ya kumwongoza rubani asiyeona njia ya kutua, na viwanja vyetu vingi viko hivyo. Pili, waliofika kwanza walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Ndege ikianguka Upare, watakaofika kwanza ni wakulima wa Kighare na mapanga yao. Hawa ni sehemu ya mfumo wa uokoaji iwe wameandikwa au hawakuandikwa, na hakuna aliyewahi kuwafundisha namba ya kupiga wala namna ya kuusogelea moto wa mafuta ya ndege.

Mikono iliyo kwenye usukani

Uchunguzi wa ajali ya Calabasas ulipotoka mwaka 2021 ulisema jambo la kuzingatia. Wachunguzi hawakuona ushahidi kwamba mteja au kampuni ilimshinikiza rubani. Walisema huenda shinikizo lilitoka ndani yake mwenyewe, kwa hamu ya kumfikisha mtu aliyemheshimu. Mtu akishaanza safari, akili yake inaanza kutafuta ushahidi wa kuimaliza. Tundu la mwanga kati ya mawingu linaonekana kama mlango. Na kila kilomita inayopita inafanya kurudi kuonekane hasara zaidi.

Kwetu shinikizo lina sura tunazozijua. Mtalii amelipa hoteli ya mbugani na jioni moja tu imebaki. Kiongozi anasubiriwa uwanjani na ngoma zimeanza. Mwenye ndege ana mkopo wa benki. Maiti inapelekwa nyumbani na watu wako makaburini. Hakuna anayemwambia rubani, ingia kwenye wingu. Wanatazama saa tu.

Naikumbuka safari moja niliyokuwa abiria, ndege ya watu wanne, tukitoka Arusha kwenda Tanga. Tulipopita Mwanga mvua ilikuwa imesimama mbele yetu kama pazia, kutoka Lembeni mpaka ng'ambo ya bonde. Rubani, kijana wa miaka isiyofika thelathini, alipunguza mwendo, akatazama kushoto, akatazama kulia, akainamisha bawa. Bwawa la Nyumba ya Mungu lilipotokea kwenye dirisha la upande mwingine ndipo nilipojua tunarudi Moshi. Mzee aliyekaa nyuma, aliyekuwa na kikao mchana ule, akasema kwa sauti ya upole, "Mwanangu, si ungejaribu tu kidogo?" Kijana akajibu bila kugeuka, "Nimeshajaribu, mzee. Nimetazama mbele sijaiona ardhi. Shikamoo, utanisamehe." Tulilala Moshi. Asubuhi yake tulifika Tanga, kikao kimeahirishwa, mzee amenuna bado. Sijawahi kumwona tena kijana yule, lakini kila ninapofundisha, ndiye ninayemtolea mfano. Alikuwa na abiria mwenye umri wa baba yake, akamkatalia kwa heshima zote.

La kufanya

Wahenga walisema kawia ufike. Nataka methali hiyo iwe na vifaa.

Kwanza, taarifa za milimani. Mamlaka ya Hali ya Hewa ina kituo Same, na kinafanya kazi yake. Lakini kituo kiko chini, upande mkavu. Hakiwezi kuona yaliyo Chome wala Kindoroko. Alaska, jimbo la Marekani lenye milima na ndege ndogo kuliko pengine popote duniani, wameweka kamera zaidi ya 200 kwenye viwanja na mapengo ya milima, na rubani anafungua simu kabla hajaondoka, akalitazama wingu kwa macho yake. Vilele vyetu vingi tayari vina minara ya simu yenye umeme na intaneti. Kamera moja inayotazama Kindoroko, moja Shengena na moja pengo la Lembeni zitagharimu kiasi kidogo sana ukilinganisha na siku moja ya kutafuta mabaki.

Pili, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ihakikishe kwamba hata rubani wa leseni ya kawaida anafanyiwa zoezi la mara kwa mara la kugeuza kwa vyombo: azibwe macho asione nje, aambiwe umeingia wingu, ageuze nusu duara bila kupoteza kimo. Wengi hulifanya siku ya mtihani, wakalisahau.

Tatu, rubani aweke mpaka wake akiwa bado ardhini. Aandike kwenye karatasi: nikifika Mwanga nisipoiona Same, narudi. Uamuzi uliofanywa mtu akiwa na kikombe cha chai mkononi una akili kuliko ule unaofanywa jasho likimtoka.

Nne ni sisi abiria na wenye ndege. Kabla ya kupanda, acha kumuuliza rubani tutafika saa ngapi. Muulize ukikuta wingu utarudi wapi. Swali hilo linampa ruhusa ambayo pengine aliihitaji. Na mwenye ndege amlipe rubani aliyerudi sawasawa na aliyefika, amshukuru mbele ya wenzake, ili wengine wasikie.

Tano, halmashauri za Mwanga na Same ziwape watendaji wa vijiji vya milimani namba ya dharura na mafunzo ya siku moja. Aliyesikia sauti ya ndege ikikatika ghafla ndani ya ukungu anajua jambo ambalo rada haijui. Awe na mtu wa kumwambia.

Narudi Kighare. Natamani asubuhi nyingine ya Juni mkulima asimamishe jembe kama kawaida, aisikie sauti ikitokea Mwanga, ikikua, kisha badala ya kupotelea mashariki aisikie inabadilika, inageuka, inarudi polepole ilikotoka mpaka izimikie upande wa Moshi. Atajua kuna mtu huko juu amelitazama wingu lilelile analolitazama yeye, akaamua kama yeye alivyoamua alfajiri: leo maharage yabaki ndani. Kisha aendelee kulima.